Ufundi wa Kukaa

Mwaka 1987 mwandishi kijana wa Kimarekani, Jason DeParle, aliingia Leveriza, mtaa wa mabanda mjini Manila, akitafuta nyumba ya kumpokea. Alikuwa Ufilipino kwa ufadhili wa Luce, ule unaowapeleka vijana wa Marekani kuishi Asia kwa mwaka mmoja, na alitaka kuuandika umaskini akiwa analala humo humo, badala ya kuutembelea asubuhi na kurudi hotelini jioni. Mwenyeji wake alikuwa Sista Christine Tan, mtawa aliyehamia Leveriza kuishi na watu wa hali ya chini, aliyempinga Rais Ferdinand Marcos hadharani wakati kufanya hivyo kulikuwa hatari, na ambaye mwaka 1986 aliteuliwa kwenye tume iliyoandika katiba mpya ya nchi. Sista hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimnadi mgeni wake papo hapo mbele ya wakazi wa mtaa: nani anamchukua? Wa kwanza wakakataa. Mwishowe mzigo ukamwangukia mama mmoja mwenye haya, mwenye watoto watano, ambaye mumewe alikuwa Saudia akisafisha mabwawa ya kuogelea.

Majina yao yamo kitabuni. Hapa nitawaita mama, baba na binti, maana ninachotaka kukitazama ni mkono wa mwandishi.

Alikaa nao miezi minane, akitoka na kurudi. Kisha akaenda kwao, mwaka 1989 akaajiriwa na New York Times, na kwa miaka mingi kazi yake ikawa kuandika habari za maskini wa Marekani na misaada wanayopewa au kunyimwa na serikali yao. Kitabu chake cha mwaka 2004, American Dream, kinawafuata wanawake watatu wa Milwaukee katika miaka ambayo sheria za misaada hiyo zilipinduliwa. Lakini watu wa Leveriza hakuwaacha. Miaka ishirini baada ya ule mnada aliandika makala ndefu juu yao, na mwaka 2019 kikatoka kitabu, A Good Provider Is One Who Leaves, yaani mlezi mwema ni yule anayeondoka. Tangu alipopiga hodi nyumbani kwa yule mama hadi kitabu kutoka ni zaidi ya miaka thelathini. Kwetu mwandishi akipewa siku tatu kufuatilia habari moja anamshukuru Mungu na mhariri wake.

Kukaa si njia pekee ya kuandika maisha ya watu waliotoka kwao kwenda kutafuta kazi. Mjerumani Günter Wallraff alichagua kujigeuza. Mwaka 1983 alivaa lenzi nyeusi machoni na nywele za bandia, akakivunjavunja Kijerumani chake, akajiita Ali, akaenda kuomba kazi akiwa Mturuki. Alipewa zile kazi ambazo Wajerumani hawakuzitaka, ikiwamo kuvuta vumbi la kiwanda cha chuma mjini Duisburg chini ya mkandarasi aliyewauza watu kama vipuri. Kitabu chake, Ganz unten, kilitoka mwaka 1985 na kikanunuliwa kwa mamilioni. Nakiheshimu. Kilimweka bosi mwonevu mahali ambapo hakuweza kukana, na watu wengi walisoma kwa mara ya kwanza jinsi Mturuki anavyosemeshwa pale Mjerumani anapodhani hakuna anayesikia. Hata hivyo, ukikisoma leo unaona kwamba mhusika mkuu ni Wallraff. Waturuki wenyewe wanapita pembeni, wakiwa wamechoka na wakiwa sahihi, na hatujui sana walitaka nini maishani. Na Ali, siku kazi ikimshinda, ana nywele za kuvua.

DeParle hakujigeuza kitu. Alibaki Mmarekani wa maswali mengi, na alichokuwa nacho ni muda. Tazama alivyoisimulia safari ya kwanza ya baba, iliyofanyika mwaka 1980, miaka saba kabla yeye hajakanyaga mtaa ule.

Baba alikuwa yatima tangu umri wa miaka minane. Alikulia mitaa ya Manila akiuza sigara, akapata kwa kuhangaika kazi kwenye uwanja wa michezo wa serikali, akaishikilia kwa karibu miongo miwili. Mshahara ulikuwa dola 50 kwa mwezi. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha mbao za kuokoteza, katikati ya vichochoro na mitaro inayonuka, nyuma ya kuta zilizopakwa chokaa nyeupe na Imelda Marcos, mke wa rais, ili jiji lipendeze. Alikopa kwa riba kali kufungua kiduka, mwizi akakikomba. Kisha kulikuwa na mtoto wake mwingine wa kike, siye yule ninayemwita binti, wa miaka kumi na mmoja, aliyezaliwa na moyo mbovu, midomo ikigeuka buluu, na matibabu hayakununulika kwa dola 50. Hatimaye baba alipiga magoti kwenye sakafu ile iliyooza akamwomba Mungu aamue moja: amchukue mtoto au amwachie. Muda si mrefu bosi wake akamwambia kuna kazi ya kusafisha mabwawa Saudia, mshahara mara kumi. Alikubali hapo hapo.

Nimeyafupisha, lakini mpangilio ni wake, na mpangilio ndio kazi yenyewe. Mwandishi wa haraka angetosheka na uwanja wa ndege na machozi. DeParle anakuja na riba, anakuja na mwizi, anakuja na midomo ya mtoto, na bosi anapofungua kinywa msomaji naye ameshakubali kwenda Saudia. Hakuhitaji kuandika hapo kwamba umaskini humfukuza mtu kwao. Na ule ukuta wa chokaa hakuupachika kwa ajili ya mandhari. Serikali iliyowaficha maskini nyuma ya ukuta ndiyo serikali ile ile ambayo mwaka 1974, kwa sheria mpya ya kazi, iliifanya biashara ya kupeleka vibarua ng'ambo kuwa shughuli ya dola. Ukuta na sheria vilitoka mkono mmoja. Habari ya sheria inakuja baadaye, sura nyingine, na wala haionyeshi kidole nyuma. Msomaji anayekumbuka ataunganisha mwenyewe.

Kinachonishangaza zaidi ni ile sakafu. Mtu hakusimulii mara ya kwanza kwamba aliwahi kumwambia Mungu amchukue mwanawe. Mara ya kwanza anakwambia maisha yalikuwa magumu, nikapata kazi, nikashukuru. Mara ya pili anakwambia mshahara. Maneno ya namna ile ya sakafuni hutoka mtu anapokuwa amekuzoea kiasi cha kusahau kwamba unaandika, na hapo mwandishi anabeba deni lingine: ajue cha kuandika na cha kuacha. DeParle anaonekana kulijua deni hilo. Kitabuni mna aibu nyingi za familia, za fedha na za ndoa, na hakuna hata moja iliyowekwa ili kumchekesha msomaji wa New York.

Halafu kuna pesa. Waandishi wengi tukiandika habari za watu tunaona haya kutaja bei, kana kwamba shilingi inaharibu utu. Yeye anahesabu kila kitu. Anajua nani alituma kiasi gani, kilikatwa nini, nani alikopa, nani alidhani anadaiwa na nani alikuwa anadai kweli. Mama anayesubiri hela ya Saudia huku akiwaogopa walevi wa kichochoroni na wanawake wa huko alikokwenda mumewe hawi picha ya simanzi. Anakuwa mweka hazina wa kampuni ndogo yenye mfanyakazi mmoja aliye zaidi ya kilomita 7,000 mbali. Hofu yake inaeleweka vizuri zaidi ukijua hesabu zake. Anaumia mumewe kutokuwapo, na anaona watoto wanakula vizuri kuliko zamani, na yote mawili ni kweli siku hiyo hiyo, mezani pale pale.

Kutoka kwenye hesabu hiyo ya nyumba moja ndipo anapopanda hadi hesabu ya nchi. Pesa zinazotumwa na Wafilipino walioko nje ni karibu sehemu moja ya kumi ya pato la taifa lao. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino aliwaambia wafanyakazi wa ndani wa Kifilipino walioko Hong Kong kwamba wao ndio mashujaa wapya, na tangu hapo sifa hiyo haijatoka kwenye hotuba za viongozi. Msomaji wa Nairobi hapaswi kuona hayo ni mambo ya mbali: leo pesa wanazotuma Wakenya walioko nje zimepita zile nchi inazopata kwa kuuza chai. DeParle anazipenda takwimu kupita kiasi, nadhani. Kuna sura ambapo unataka kujua kama binti amepata viza na yeye anakuketisha kwanza kusikiliza historia ya sheria za uhamiaji za Marekani, tangu ile ya 1965. Ni sura zilizopangwa vizuri, ila mara nyingine nilizipita mbio kisha nikarudi baadaye kuzisoma kwa adabu.

Binti ndiye sehemu ngumu ya kitabu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofanyiwa kazi kwa ustadi mkubwa kuliko zote. Baba anasimulika: ana bahati mbaya na bahati nzuri, ana mwizi na ana Mungu. Binti ni mkimya. Alikuwa msichana mwenye haya aliyefikiria kuwa mtawa, akasomea uuguzi kwa fedha za mabwawa ya Saudia, akaenda mwenyewe kufanya kazi Ghuba, Saudia kisha Abu Dhabi, huku macho yake yakiwa Marekani. Marekani ilimchukua karibu miongo miwili ya mitihani, maombi na foleni. Aliolewa, akazaa watoto watatu, na watoto wakalelewa Ufilipino na ndugu huku yeye na mumewe wakiwa kazini ng'ambo. Mwaka 2012 alifika Galveston, Texas, kisiwa ambacho kimbunga Ike kilikipiga vibaya mwaka 2008, akaanza zamu hospitalini. Mume na watoto wakamfuata.

Sasa mwandike mtu kama huyo. Hana kauli kali za kunukuu. Ukimuuliza anajisikiaje atakwambia vizuri. DeParle anafanya linalobaki, anamtazama akiwa kazini. Tunamwona wodini akijifunza kuwapinga madaktari bila kuonekana amewapinga, akijifunza Kiingereza cha wagonjwa wa Texas ambacho hakikuwamo kwenye mtihani wowote, akirudi nyumbani kwa watoto ambao kwa miaka mingi walimjua kupitia skrini. Hapo mwandishi anagusa jambo ambalo waandishi wengi wa uhamaji hawafiki, kwa kuwa kitabu chao huishia viza inapopatikana. Familia iliyoota miaka yote kuishi chini ya paa moja inaanza kuishi chini ya paa moja, na kumbe hawajui. Mtoto anamtafuta aliyemlea. Baba wa watoto, aliyezoea kuwa mwenye kipato Abu Dhabi, anabaki nyumbani akisubiri kazi. Mama yao amechoka na zamu ya usiku. Hakuna mkosaji katika sura hizo, na ndiyo maana zinauma.

Kama angeandika mwaka 1987, kitabu kingekuwa cha mtaa wa mabanda na mama jasiri. Kama angeandika 1995, kingekuwa cha hasira, kwa kuwa huo ndio mwaka Singapore ilipomnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino, na Manila ikafurika mitaani. Angeandika 2007 peke yake, kingekuwa cha watoto watano wa msafisha mabwawa ambao wote walipata kwenda kufanya kazi nje. Vitabu vyote hivyo vingekuwa vya kweli na vyote vingekosea, kwa sababu jibu la swali la kama baba alifanya vema kuondoka lilikuwa linabadilika kadiri watoto wanavyokua. Mtu hawezi kuliona hilo kwa akili nyingi. Analiona kwa kuwa bado yupo.

Lipo jambo ambalo kukaa na familia moja hakuwezi kulitatua, na mpenzi wa kitabu hiki analazimika kulisema. Hii ni familia iliyofaulu. DeParle anazigusa habari za waliopigwa, walionyimwa mshahara, waliorudi kwenye sanduku; ila hao wanapita, na familia yake inaendelea. Mtu aliyezama mwaka wa pili hana mwaka wa thelathini wa kuandikwa. Uvumilivu wenyewe huwachagua walionusurika. Sioni njia ya kulikwepa hilo, isipokuwa vitabu viwe vingi.

Kimoja cha kukiweka pembeni yake ni cha Leslie Chang, aliyekuwa mwandishi wa Wall Street Journal huko China. Kuanzia mwaka 2004 alikuwa akienda na kurudi Dongguan, jiji la viwanda kusini mwa nchi, na mwaka 2008 akatoa Factory Girls. Yeye alikuwa na tatizo la kinyume cha DeParle: watu wake hawakutulia. Wasichana wa mwanzo aliokutana nao, walipopatana kuonana tena, alikuta wamehama kiwanda na hawana simu; hao ndio wamekwisha. Ikabidi ajifunze kuwafuata watu wanaohama kazi kama wengine wanavyobadili kanga. Mmoja wa mabinti wawili anaowashikilia kitabuni aliibiwa simu ya mkononi, na kwa siku moja karibu kila aliyemfahamu mjini akapotea, maana namba zote zilikuwa humo. Chang analiandika tukio hilo kwa utulivu wa kustaajabisha, bila kulifanya msiba, na unaelewa ghafla jinsi urafiki wa Dongguan ulivyokuwa mwepesi. Binti wa pili alimpa shajara zake za miaka ya tisini: msichana wa kijijini anayejiandikia usiku, bwenini, kwamba lazima asome, lazima aseme vizuri, lazima apande cheo. Chang anaziacha zizungumze. Viatu na mikoba ya huko vimejaa Kariakoo hadi leo, na wafanyabiashara wetu wameshapajua Guangzhou, jirani na Dongguan, kama wanavyoijua njia ya Morogoro, ila mikono iliyovishona mimi niliifahamu kwa mara ya kwanza kupitia kitabu kile. Haikuwa mikono ya watu wa kuhurumiwa, na nadhani Chang angekasirika kama ningewahurumia.

Hilo analo DeParle pia. Wote wawili wanawachukulia wafanyakazi kama watu wenye mipango. Mtu mwenye mipango anaweza kukosea, anaweza kuwa mchoyo, anaweza kumdanganya mkewe kwenye simu, na bado ukamtakia heri. Anayeandikwa kama mwathirika tu hana ruhusa ya hata kosa dogo.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya kuwasoma hawa kwa jicho la wivu. Mabinti wa Tanga, wa Nakuru, wa Jinja wanaokwenda Uarabuni tunawaona kwenye magazeti mara mbili: mwili unaposhushwa uwanja wa ndege, au waziri anapotia saini makubaliano mapya na nchi ya Ghuba. Mara zote mbili wanaozungumza ni wengine. Wakala anajitetea, balozi anafafanua, mjomba analia mbele ya kamera. Ile miaka miwili ya mkataba, na mingine miwili iliyofuata, na nyumba ya matofali iliyopanda kozi tatu kila hela inapofika, na mtoto anayemwita bibi yake mama, hayo hayawi habari kwa sababu hakuna siku yaliyotokea.

Ningekuwa na gazeti na fedha za kuchezea, nisingemtuma mtu kule uwanja wa ndege. Ningemtuma kwenye nyumba ambayo pasi ya kusafiria ndiyo kwanza imetoka, wakala bado hajalipwa yote, na binti bado anachota maji asubuhi. Akae. Aandike nani amekopa na kwa riba gani, nani ameahidi kumlea mtoto, simu ya kupokelea pesa imesajiliwa kwa jina la nani. Kisha asichapishe kitu. Arudi mwakani kuuliza hayo hayo, na mwaka wa tano, na siku binti anaporudi na mabegi yake makubwa, awepo pale wanapoanza kugombana juu ya kiwanja.